Kuhe wa Mahari

Mboje Nyanda alikuwa na shamba la mahindi nje kidogo ya Mwimbi, plau moja, ng'ombe kumi na wawili, na hakika moja tu maishani: kwamba hakuna mzee chini ya jua anayekataa ng'ombe. Ndiyo maana siku Mzee Baltazari wa Kirando alipowakataa ng'ombe wake wanane, Mboje aliomba arudiwe maneno, akidhani upepo wa ziwani umeyapeleka kusiko.

"Ng'ombe sitaki," mzee akarudia. "Nitawalisha nini hapa? Mawe? Mbuzi wenyewe hapa wanatafuna nyavu."

Bundala, aliyekuja kama mshenga, alibaki mdomo wazi. Njia nzima kutoka Sumbawanga, juu ya lori lililokwenda kupakia dagaa, alikuwa akikariri hotuba ya kuwasifu ng'ombe mmoja mmoja, nani kazaliwa na nani na nani anatoa maziwa kiasi gani. Sasa hotuba yote haikuwa na kazi. Kwao Usukuma, walikotoka wote wawili kufuata malisho, mzee akitaka kukunyima binti anakutajia ng'ombe wengi mno. Kusema hataki hata mmoja ilikuwa namna mpya ya kukataa.

"Basi mzee unataka nini?" Mboje akauliza mwenyewe, jambo ambalo mwoaji hafanyi mbele ya mshenga wake.

Mzee Baltazari akaingia ndani, akatoka na kopo kubwa la bati lililokuwa la biskuti. Ndani yake walilala samaki saba wa mti, wamepakwa rangi nyekundu, kijani na fedha, kila mmoja na ndoano mbili tumboni na kipande cha bati kilichochomoza chini ya mdomo. Akaeleza. Zamani alikuwa mpiga kasia wa padri mmoja wa Kizungu, mtu aliyependa kuvua kuliko kuungamisha. Padri hakuvua kwa wavu. Alifunga samaki wa mti kwenye uzi, akauachia hatua hamsini nyuma ya mtumbwi, akachomeka pembeni fimbo yake nyembamba yenye vipete vya kupitishia uzi, naye Baltazari akapiga kasia polepole. Lile bati lilimfanya samaki wa mti azame na kujitikisa kama aliye hai, na kuhe, samaki mkubwa na mtamu kuliko wote mle ziwani, havumilii dharau ya namna hiyo mlangoni kwake. Padri alipokwenda kuzeekea kwao alimwachia Baltazari vifaa vyote. Fimbo ikaja kuvunjika. Vidole vya mzee navyo vikaja kupinda kwa baridi yabisi, na sasa ulikuwa mwaka wa sita hajala kuhe aliyevuliwa na mtu wa nyumbani kwake.

"Tafuta fimbo kama ya padri," akamaliza. "Siku hizi kila kitu ruksa, hakuna takataka ya Ulaya isiyofika Sumbawanga. Njoo ukae ndani ya mtumbwi wangu, univulie kuhe mmoja kwa mkono wako mwenyewe. Mmoja tu. Ukimpata, binti ni wako. Usipompata, baki na ng'ombe wako salama."

Binti mwenyewe, Epifania, alikuwa amesimama mlangoni ameshika upawa. Kila mwezi alipanda na mzigo wa migebuka mikavu kuuza Sumbawanga, soko la Sokomatola, na huko ndiko Mboje alikomwona na kuanza kula samaki kuliko Msukuma yeyote wa kwao. Alikuwa mama wa makamo, amerudi kwao kutoka kwa mume wa kwanza huko Mpanda. Alikuwa na tabia mbili ambazo Mboje alizipenda bila kuzielewa. Akicheka, alifunika mdomo kwa kiganja upande wa kushoto. Mboje akadhani ni haya. Na pale gengeni kwake hakumhudumia Mboje kamwe kabla hajaiweka chini ile fimbo yake ya kuchungia. "Laza kwanza mti wako huko nje, ndipo tuongee," alikuwa akisema, na Mboje akadhani ni usafi wa meza.

Siku hiyo Epifania hakumtazama usoni. Aliitazama mikono ya Mboje.

*

Nani angemshauri Mboje? Bundala alisema aachane na watu wa ziwani kabisa, wamelewa harufu ya dagaa. Lakini Mboje alikuwa amependa, tena kupenda kwa mtu mzima, ambako ni kubaya kwa sababu hakuna wa kukuonea huruma. Jumamosi iliyofuata alikuwa Sokomatola, kola ameinua dhidi ya ule upepo wa Sumbawanga unaopenya hadi kwenye mifuko, amesimama mbele ya genge la Timoth.

Timoth alikuwa muuza mitumba. Miaka michache nyuma mji mzima ulipanga foleni ya sabuni. Sasa Timoth alikuwa anafungua marobota ya suruali za watu warefu na makoti ya theluji, na mara nyingine ndani ya robota akakuta vitu asivyovijua. Asichokijua alikitafutia kazi. Viatu vya kutelezea kwenye barafu alikuwa amewauzia watu wa bucha. Na nyuma ya rundo la makoti alikuwa na fimbo tano nyembamba zenye vipete, alizoziandikia kwa chaki ubaoni: ERIO ZA REDIO, UKWELI WA ULAYA.

"Hizo si erio," Mboje akasema. "Ni fimbo za kuvulia samaki."

Timoth akaiangalia moja juu mpaka chini. "Braza, ungekuja wiki iliyopita ungeniokoa. Kuna mtu amerudisha, anasema haishiki hata stesheni moja. Haya, chagua, mshikaji wangu. Ila sitakudanganya, mimi sijui ipi ni ipi."

"Mimi najua," Mboje akasema, na uongo huo ulikuja kumgharimu.

Maana Mboje alijua fimbo. Alianza kushika fimbo kabla hajaanza kuvaa suruali. Fimbo ya kuchungia inakatwa kwenye mti mgumu, inanyooshwa kwa moto, inapakwa samli, na fimbo nzuri ni ile ambayo dume likikujia unalisimamisha nayo puani na yenyewe haitetereki. Basi akazikagua zile tano kama anavyokagua maksai mnadani. Alizipima urefu begani. Akazigonga kwenye robota na kusikiliza mlio. Ya kwanza ilikuwa fupi, ya kitoto. Ya pili ina ufa. Ya tatu, ya rangi ya chai, kuukuu, mpini wake umeviringishwa utepe na mtu aliyeitumia miaka mingi, Mboje aliitikisa mara moja tu ikaanza kuyumba ncha mpaka katikati, ikaendelea kuyumba hata alipoacha.

"Hii ina ugonjwa," akasema, akaiweka kando na hata akajifuta mkono.

Ya nne imevunjika ncha. Ya tano ndiyo iliyomteka. Nyeusi, inang'aa, nene, ngumu. Ukiitikisa haitikisiki. Mboje akaishindilia ardhini, akainua mguu wa kulia, akaupachika kwenye goti la kushoto, akaegemea mwili mzima kama wafanyavyo wachungaji wakiwa wanatazama mifugo mbali. Fimbo haikupinda hata unywele. Wapita njia wakasimama kumtazama Msukuma aliyesimama kwa mguu mmoja katikati ya soko, amefumba macho kwa raha.

"Hii," akasema, na mguu bado uko juu. "Hii kuhe akiiona atajisalimisha."

Walielewana bei, na Timoth akamwongezea kigurudumu cha kuzungushia uzi kilichokuwa kinasubiri kuuzwa kama sehemu ya cherehani.

*

Kirando walishuka ziwani alfajiri, watatu. Mzee Baltazari alikaa mbele, kofia yake ya pama kichwani, akitoa amri. Mboje alikaa katikati, magoti yakigusana na ya mkwe mtarajiwa, hali ambayo kwa mila za kwao ingetosha kumtoa jasho hata bila ziwa. Nyuma, kwenye kasia, alikaa Epifania. Baltazari hakujaliwa mtoto wa kiume, na binti yake alijifunza kushika kasia kabla ya kushika mwiko.

Fimbo nyeusi ikachomekwa kwenye lile tundu ambalo padri alitoboa ubavuni mwa mtumbwi. Samaki wa mti mwekundu akaachiwa nyuma, hatua hamsini. Epifania akapiga kasia polepole, kando ya miamba. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba Mboje, ambaye hajui kuogelea, aliona wazi mahali atakapolala akizama.

Hawajafika mbali, ncha ya fimbo ikasema tap. Tap nyingine. Mboje akairukia, akaivuta kwa nguvu zote kama anayemzuia dume lisiingie shamba la mtu. Uzi ukalegea. Hakuna kitu.

"Umeharakisha," mzee akasema.

Mara ya pili Mboje hakuwahi hata kuigusa. Tap, kisha kimya; kuhe alikuwa amekwisha kumtema samaki wa mti na kwenda zake. "Umechelewa," Mboje akajiambia, na akaapa mara ya tatu hatachelewa.

Hakuchelewa. Ncha ilipogusa tu alivuta kwa mikono miwili, mgongo na laana, na wakati huo samaki wa mti alikuwa karibu, kwa kuwa Epifania alikuwa anageuza mtumbwi. Kile kitu chekundu kikachomoka majini, kikapita juu ya kichwa cha Mboje kikivuma, na ndoano zote mbili zikazama kwenye pama la Mzee Baltazari. Mboje, ambaye alihisi uzito, akavuta tena. Kofia ikaenda ziwani.

Kofia ilielea nyuma ya mtumbwi ikifuata uzi, inazama na kuinuka kwa ustadi kabisa. Epifania alikuwa ameinamia kasia, kiganja mdomoni, mabega yanamtetemeka.

"Imevuta vizuri," mzee akasema mwishowe. "Kama kungekuwa na kuhe anayekula kofia, leo ungeoa."

Walipofika ufukweni mzee aliichukua ile fimbo nyeusi, akajaribu kuipinda kwa vidole vyake vibovu, akamrudishia. Alikuwa na hasira, si ya kofia. Hasira ya mtu aliyekwisha kuonja mchuzi kwa mawazo akarudi nyumbani kula mboga za majani.

"Una magonjwa mawili," akasema. "Wa kwanza fimbo. Hii ni mlango wenye komeo. Kuhe anakuja, anagusa, anasikia kuna mtu ndani amekaza, anaondoka. Ya padri ilikuwa laini huku mbele, nguvu iko chini kwenye mpini. Samaki akivuta, ncha inamfuata, inampa, anadhani hakuna mwenyewe. Anageuka kwenda kwake na chakula chake, na hapo kwenye kugeuka ndipo anajitundika mwenyewe. Wewe humvui. Anajivua."

"Na ugonjwa wa pili?"

"Mkono. Mkono wako una haraka. Padri fimbo ikianza kucheza hakuigusa. Alisema Baba Yetu nzima mpaka Amina. Ikiinama mpaka karibu na maji na kubaki imeinama, hapo ndipo anaichukua. Kabla ya hapo, hata kama bahari inawaka."

"Mimi sijabatizwa, mzee. Baba Yetu siijui."

"Basi taja unachokijua. Ila kiwe kirefu." Akaanza kupanda mlima kwenda nyumbani, kichwa wazi. "Nakupa mara moja nyingine. Mara ya tatu hatukupikii."

Epifania alibaki akifunga mtumbwi. Mboje akasubiri neno, lolote, hata la kumcheka.

"Safari njema," akasema Epifania. Kisha, bila kuinua macho kutoka kwenye kamba: "Ulipokosa ya tatu ulikasirika sana?"

"Niliona aibu."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepima chumvi, akaendelea kufunga.

*

Juu ya lori la kurudi, kati ya magunia ya dagaa, Mboje alikuwa na masaa ya kutosha kujionea huruma. Alikuwa amejiona mjuzi mbele ya Timoth na sasa harufu ya ujuzi wake ilimfuata mpaka Namanyere. Ile ya rangi ya chai, aliyoiita mgonjwa, ndiyo iliyokuwa dawa.

"Imeuzwa," Timoth akamwambia. "Katekista Gaudensi aliichukua. Yule hakuuliza maswali, alitaka erio na mimi ubao wangu unasema erio."

Nyumba ya Katekista Gaudensi ilikuwa mwinukoni, nje kidogo ya mji, ambako upepo haupumziki. Mboje aliiona fimbo kabla hajaiona nyumba. Ilikuwa imesimama juu ya bati, waya wa shaba umefungwa nchani, na upepo ulikuwa unaipiga. Ikapinda, ncha ikaenda chini taratibu, ikafuata upepo mpaka upepo ukachoka, halafu ikarudi ikasimama wima bila kishindo. Upepo mwingine ukaja. Ikapinda tena, ikarudi tena. Mboje alisimama barabarani akiitazama, na polepole akaanza kujisikia mjinga kwa namna mpya.

Kwa sababu fimbo hiyo aliijua. Si ya kuchungia, ya kulimia. Mpini wa mjeledi wa plau haukatwi kwenye mti mgumu. Unautafuta mche mwembamba unaocheza, kwa kuwa mjeledi mzuri haumpigi maksai. Unalia juu ya mgongo wake tu, naye anaelewa. Mpini mgumu haulii. Mboje alikuwa amekata mipini ya namna hiyo miaka kumi na mitano, na siku ya kuchagua, siku moja iliyokuwa na maana, akaenda sokoni na akili ya mchungaji akaiacha ya mkulima nyumbani. Alikaa kwenye jiwe akajitukana kwa Kisukuma, lugha ambayo kwa kazi hiyo haina mshindani.

Katekista alimpokea vizuri mpaka aliposikia shida yake.

"Haiwezekani," akasema. "Ile ndiyo inayoniletea matangazo ya Kiswahili kutoka Roma. Bila ile ninasikia mluzi tu."

"Hata nayo unasikia mluzi," mkewe Albina akadakia kutoka jikoni. "Na majirani wanasema tumesimamisha mti wa kuita radi. Mvua zinakuja. Mpe mgeni mti wake, mimi nilale."

"Radi haiitwi, Albina. Hayo ni mambo ya giza."

"Sawa. Waambie hivyo wale wa nyumba ya chini, walioacha kutuazima kinu."

Mboje aliona mlango umefunguka, akaingia. Akaeleza, kwa heshima, kwamba redio inapiga mluzi kwa sababu fimbo inayumba na waya unayumba nayo. Na kwamba yeye, kwa bahati, ana fimbo nyingine, nyeusi, ambayo haiyumbi hata ikipigwa na dume. Wakaifunga pale pale, waya ule ule. Sauti ya Roma ikatulia, ikasikika mpaka jikoni, na Gaudensi akapiga ishara ya msalaba. Kila fimbo ilikuwa imepata kazi yake.

Lakini katekista ni katekista. Alipoishika ile ya rangi ya chai hakuiachia. "Unakwenda kuoa binti wa Kikatoliki," akasema. "Utaoa wapi, chini ya mti? Fimbo nakupa. Ila kuanzia Jumapili nakuona kwenye mafundisho. Tunaanza na Baba Yetu."

Mboje, ambaye amekuja kutafuta Baba Yetu bila kujua, akakubali. Bundala alipopewa habari kwamba rafiki yake atabatizwa kwa ajili ya samaki, alikwenda kilabuni akakaa huko siku mbili.

*

Mafundisho ya Jumapili tatu hayamfikishi mtu mzima mbali. Siku waliposhuka tena ziwani, Mboje alikuwa anaijua sala mpaka kwenye mkate wetu wa kila siku. Baada ya hapo palikuwa na ukungu. Kwa hiyo alikuwa ameandaa akiba. Ng'ombe kumi na wawili, kila mmoja kwa jina, kwa mpangilio anaowafungulia zizini asubuhi.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia. Mzee alikuwa amevaa kofia ya kufuma, aliyoivuta mpaka masikioni kwa usalama. Samaki wa mti wa rangi ya fedha akaachiwa, hatua hamsini. Fimbo ikachomekwa tunduni, na papo hapo Mboje akaona tofauti. Ncha ilikuwa inapiga mapigo madogo madogo, ya yule samaki wa mti akijitikisa huko chini, kama moyo wa kifaranga ukimshika. Ile nyeusi haikuwahi kumwambia chochote.

Ili asifanye upumbavu, akaweka viganja chini ya mapaja, akavikalia.

Kasia likaingia majini, likatoka. Walipita mwamba wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu mapigo yakakatika, na ncha ikashuka shubiri moja.

Mwili wote wa Mboje ukaruka isipokuwa makalio. "Baba yetu uliye mbinguni," akaanza, kwa sauti ya mtu anayekabwa. Ncha ikapanda, ikashuka tena, zaidi. "Jina lako litukuzwe, ufalme wako ufike." Mzee alikuwa ameshika ubavu wa mtumbwi. "Utakalo lifanyike duniani kama mbinguni. Utupe leo mkate wetu wa kila siku." Na hapo ukungu ukaingia. Fimbo ilikuwa imepinda mpaka katikati, inafuata, inatoa, inafuata.

"Endelea," mzee akanong'ona.

"Mabaka," Mboje akasema. "Kijiko. Foleni. Dizeli. Mwadui." Jasho likamwingia jichoni na hakulifuta. "Posta. Sikujua. Magendo."

Ncha ikatulia ghafla, ikanyooka nusu. Ameondoka. Kila mshipa ulimwambia Mboje avute, avute sasa hivi, kilichobaki kisiende. Nyuma yake kasia lilikuwa limesimama. Alijua bila kugeuka kwamba Epifania anaitazama mikono yake, au pale mikono ilipofichwa.

"Bwana Shamba," akasema, polepole. "Nyota. Mjomba." Alivuta pumzi. Alibaki mmoja, mtamba mdogo kuliko wote. "Ruksa."

Fimbo ikainama. Haikugonga, haikucheza, iliinama yote, kuanzia ncha mpaka kwenye utepe wa mpini, ncha ikaingia majini na kubaki humo, na kigurudumu cha uzi kikaanza kulia. Kuhe alikuwa amegeuka kwenda kwake.

"Sasa," mzee akasema. "Sasa, mwanangu."

Yaliyofuata hayakuwa na ufundi. Mboje alizungusha kigurudumu upande mbaya, akarekebishwa, alisimama, akaketishwa, alimwita samaki majina ya ng'ombe wote upya. Lakini fimbo ilijua kazi yake kwa niaba yake, ikawa inajikunja na kujikunjua, na mwisho samaki mpana wa manjano, urefu wa mkono wa mtu mzima, akaja ubavuni, na Epifania akamwingiza mtumbwini kwa kikapu.

Mzee Baltazari alimtazama yule kuhe kwa muda mrefu. Akampapasa kwa kidole kilichopinda. Machozi yalimlengalenga, na ni haki yake, miaka sita si mchezo. Kisha akakohoa, akaivuta kofia.

"Wale ng'ombe wanane," akasema, "bado wapo?"

Mboje hakuelewa. "Si uliwakataa, baba? Ulisema watakula mawe."

"Nani anayekataa ng'ombe? Nina mdogo wangu kule Chala, ana nyasi mpaka kiunoni. Usiku ule sikulala kwa uchungu." Akanyoosha kidevu kuelekea kwenye kasia. "Muulize huyo. Ndiye aliyenikataza, ndiye aliyenituma niseme kuhe. Mimi nimesema kama nilivyofundishwa."

Mboje akageuka. Epifania alikuwa ameweka kasia juu ya magoti, na mtumbwi ulikuwa unajiendea wenyewe.

"Yule wa Mpanda hakuweza kusubiri hata ugali uive," akasema. Alisema kawaida tu, kama anayetaja bei ya migebuka. "Nilisema safari hii, kabla sijaingia ndani kwa mtu, kwanza niuone mkono wake unafanya nini wakati anataka kitu sana."

Bundala hakuwepo kumjibia, na hata angekuwepo hotuba yake ilihusu maziwa. Mboje akajitazama viganja, vimebaki na alama nyekundu za ubao wa mtumbwi.

"Vilikufa ganzi," akasema.

Epifania akacheka. Alicheka sana, kichwa nyuma, mikono yote miwili ikiwa kwenye kasia, na hakufunika mdomo. Upande wa kushoto, ambao Mboje hakuwahi kuuona, meno matatu hayakuwepo.

Mboje aliliona lile pengo, akalielewa. Akaelewa kiganja mdomoni, akaelewa fimbo ya kulazwa nje ya genge lake, na mara mikono yake ikataka kitu kigumu cha kushika, na ilijua njia ya Mpanda, mpaka mlangoni kwa yule mume. Kicheko kilikuwa bado kinaendelea, juu ya maji, kizuri. Mboje akarudisha viganja chini ya mapaja, akavikalia kwa uzito wake wote.

"Mabaka," akaanza tena, moyoni. "Kijiko. Foleni. Dizeli."